Funguo za Kitasa Kipya

Katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi tulikokaa, Jadotville, kila nyumba ilikuwa na msumari nyuma ya mlango, na kwenye msumari huo ulitundikwa ufunguo wa jirani, si wako. Hakuna bosi aliyeamuru hivyo. Mwanamke akienda shambani ng'ambo ya reli, mwenzake alibaki na nyumba yake: aanue nguo mvua ikija, azime mkaa uliosahauliwa, amfungulie mtoto aliyerudi mapema kutoka shule.

Ufunguo wetu ulikuwa kwa jirani wa kushoto, mama wa hapa hapa Katanga, aliyehamia kambini mwaka uleule wazazi wangu walipofika kutoka Kasai. Mama aliufunga utepe mwekundu uliochanwa kwenye kitenge chake cha zamani. Wa kwao ulikuwa kwetu, umefungwa waya wa shaba. Nilikua nikiziona funguo hizo mbili kila siku na sikuwahi kujiuliza lolote juu yake.

Maswali nilikuja nayo kutoka chuo kikuu cha Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo na kujitangaza kuwa nchi, na sisi wenye asili ya Kasai tukaamka tukiwa wageni mahali tulipozaliwa. Wanafunzi wenzangu waliokuwa wakinikopesha vitabu walianza kubadilisha meza nikikaa. Nikafunga sanduku, nikarudi nyumbani, na nyumbani nikaanza kupeleleza kila kitu. Kwa nini baba anaendelea kwenda kazini kama hakuna kitu? Kwa nini mama anacheka na jirani ambaye mdogo wake amejiunga na vijana wa chama kinachotawala Katanga, wale wanaozunguka na minyororo ya baiskeli?

Maana walikuwa wakicheka kweli. Mama alikuwa amevunjika mguu, ameteleza kwenye saruji ya bomba la maji la mtaa, na daktari akaufunga plasta mpaka juu ya goti. Jirani alikuja kila asubuhi kumwosha.

"Angaliya," alimwambia mama, akigonga plasta kwa kijiko, "muguu moja tayari iko Muzungu. Weye sasa utalipwa mushahara ya Bazungu."

"Nusu tu," mama alijibu. "Ingine ingali ya kwetu Kasai, njo ile banataka kufukuza."

Walicheka hadi mama akashika mbavu. Mimi nilikaa dirishani na kitabu, sikucheka.

Siku moja mama alipelekwa hospitali kuangaliwa mguu, na baba na mimi tulikwenda naye. Nilitangulia kurudi. Nikakuta mlango wazi na jirani yumo ndani, amesimama katikati ya sebule yetu.

"Mvua inakuya," alisema. "Minye naingiza manguo."

Nguo kweli zilikuwa juu ya kiti, bado mbichi, na mvua kweli ilianza kabla hajafika kwake. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilitazama kabati, nikatazama kitanda ambacho baba alificha chini yake karatasi zetu, na nikajiuliza ameona nini kingine. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ushahidi wa wema si ushahidi wa nia. Nilidhani hiyo ndiyo akili.

Jioni nikamwambia baba: "Mtu yeyote katika nyumba ile anaweza kuingia hapa wakati wowote. Hata mdogo wake."

"Ufunguo ule uko kwao miaka yote hii," alisema baba.

"Miaka yote hiyo hawakuwa na nchi yao."

Baba alikuwa karani, mtu wa kufikiri polepole. Aliposikia kwamba nyumba ya karani mwenzake katika mtaa mwingine imevunjwa mchana, aliacha kufikiri. Tulipigilia mbao mlango wa jikoni. Fundi mmoja wa karakana, Mkasai mwenzetu, alituchomelea nondo kwenye madirisha. Na nikaenda dukani kwa Mgiriki nikanunua kitasa kipya cha mlango wa mbele, kizito, chenye funguo mbili: mmoja wa baba, mmoja wangu.

"Na ya minye?" mama aliuliza akiwa kitandani, akitaka ufunguo wake.

"Wewe hutembei, mama. Ukiwa nao, mtu akija na maneno matamu utamtupia dirishani."

"Mutu gani?"

Alijua mtu gani.

"Basi umwambie," alisema. "Asikuje kugeuza ule wa zamani bure, apate haya."

"Tukimwambia, itabidi tumwambie na sababu."

Hatukumwambia. Kila asubuhi mmoja wetu alibaki nyumbani kumfungulia jirani mlango, na yeye hakuwa na haja ya ufunguo wake. Siku mbao zilipopigiliwa alizitazama, akatazama nondo, akasema, "Mufanye nguvu, hii siku haziko muzuri," akainama kuchota maji ya kumwosha mama. Wakati mwingine nawaza kwamba alifurahi kwa ajili yetu. Sina hakika. Ni moja ya maswali ambayo nimechelewa kuyauliza.

Asubuhi ninayotaka kuieleza baba alikuwa kazini. Nilisikia kwamba kuna lori la kwenda Elisabethville, ambako watu wetu walikuwa wakikusanyika kwenye mahema chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, na nikataka kwenda mjini kuuliza nafasi. Jirani alikuwa ameshamwosha mama na kuondoka. Nilimwekea mama ndoo ya maji na sahani ya bukari, ugali wetu, karibu na kitanda. Kisha nikafunga mlango kwa nje, nikausukuma mara mbili kuupima, nikatia ufunguo mfukoni. Nakumbuka nilivyojisikia nikitembea kuelekea mjini: mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi sikuwa na shaka na kitu.

Yaliyofuata mama aliyasikia akiwa sakafuni, na ndiye aliyenisimulia.

Vijana walitokea juu ya mtaa. Hawakuwa wa kambi yetu, hawakujua nani anakaa wapi, kwa hiyo walikuwa wakiuliza nyumba hadi nyumba. Mama alisikia vioo vikivunjika mbali, kisha karibu. Alijiangusha kutoka kitandani na kuanza kuburuta mguu ule wa plasta kuelekea mlangoni, bila kujua atafanya nini akifika. Akasikia kandambili za jirani zikija mbio na sauti yake mlangoni, ya chini kabisa: "Mama, nyamaza. Nyamaza kabisa."

Hatua nyingi zikasimama.

"Hii nyumba ya nani?"

"Ya minye," alisema jirani.

"Ile ingine unatoka sasa hivi, ya nani?"

"Ya minye na hii ya minye. Kampuni ilitupatia mbili, batoto beko bengi. Angaliya funguo!"

Mama alisema alimwona kwa ufa wa mlango akiinua ufunguo juu, utepe mwekundu ukicheza. Kijana mmoja akacheka.

"Mama mukubwa, iko na manyumba mbili sawa Muzungu! Bon. Fungula tuone kama ni yako."

Hapo mama aliuma kitenge chake. Alisikia ufunguo ukiingia, ukakwama. Ukatolewa, ukaingia tena. Jirani aliugeuza kwa nguvu, akautikisa, akausukuma kwa bega. Mama, upande wa pili, alishika kitasa kwa mikono miwili kana kwamba angeweza kukigeuza kwa ndani. Kisha kukawa kimya kifupi. Mama alisema katika kimya kile ndipo mwenzake alipoelewa kwamba kitasa kilibadilishwa, na kwa ajili yake.

"Muongo huyu!" mmoja akasema. "Anaficha bantu ba Kasai!"

Walimpiga mkono uliokuwa umeshika ufunguo, kwa mnyororo. Kisha wakavunja dirisha na kutupa ndani kitambaa cha mafuta ya taa kinachowaka. Nondo zetu ziliwazuia kuingia. Zilimzuia na mama kutoka. Pazia lilishika moto, likamwangukia begani na shingoni, akajimwagia ndoo ile ya maji. Kilichomwokoa ni king'ora cha kiwanda cha saa sita: wanaume walianza kumiminika kutoka zamu, na vijana wakatawanyika. Baba alikuwa kati ya waliokuja mbio. Alifungua kwa ufunguo wake. Wangu ulikuwa bado mfukoni mwangu, mjini, kwenye foleni ya lori.

Mama alipona, lakini shingo yake haikugeuka vizuri tena. Jirani alivunjika vidole viwili.

Lori lilipopatikana tulifunga mizigo. Jirani hakuwa amekanyaga kwetu tangu siku ile, ingawa alituma maji ya moto na dawa ya majeraha. Asubuhi ya kuondoka alikuja mwenyewe, mkono umefungwa bendeji. Aliweka ule ufunguo wa utepe mwekundu juu ya sanduku.

"Hii haifungule kitu tena," alisema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Mama," nilimwambia, "ni mimi niliye..."

"Minajua. Mama yako hangefanya." Akanyoosha mkono mzima. "Sasa patia minye ya kwangu."

Niligeuka. Ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali pake, na waya wa shaba. Wiki zote zile nilipokuwa nikikesha kuuliza nani ana ufunguo wetu, wa kwao ulining'inia karibu na kichwa changu. Hawakubadilisha kitasa. Hawakuuomba. Mdogo wake yule alilala nyumba ile, na ufunguo wake ulikuwa kwetu.

Nilimpa. Alikwenda kwa mama, akainama, wakashikana muda mrefu. Kisha akaenda kwake. Tulipokuwa tukimpandisha mama kwenye lori nilisikia mlango wake ukifungwa kwa ndani, mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika mtaa ule.