Vipepeo Weupe Nyuma ya Zizi la Mama

Miaka ile ya soko huria, kila mgeni aliyepanda kwetu Kirua Vunjo alikuja kununua. Wa kahawa walikuja na mizani zao, wa ndizi walipandisha malori kutoka Himo. Kwa hiyo alipokuja mzungu mrefu mwenye wavu mwepesi kwenye fimbo, akasema anatafuta vipepeo weupe, kijiji kizima kiliuliza swali moja: kilo anachukua bei gani?

Alipanga chumba kwa mama yangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi, na mwenyekiti wa kijiji, aliyeamini sayansi zote ni moja, alinikabidhi mgeni. Kesho yake watu walijaa uani na makopo. Mgeni aliyafungua yote kwa heshima. Mlikuwa na panzi, nondo, na kipepeo mmoja wa njano aliyepakwa unga wa sembe.

"Alikuwa mweupe kabisa tulipotoka nyumbani," mwenye kopo alijitetea.

Mgeni alikuwa amekaa miaka mingi visiwani akichunguza vipepeo weupe wasiopatikana penginepo, na aliamini wana ndugu yao mlimani kwetu. Huko visiwani ndiko alikojifunza Kiswahili, nacho kilikuwa kisafi kuliko chetu sote. Alisema "laiti" na "nakusihi" kama mtangazaji wa redio. Mama, ambaye mambo yake yote ya maana aliyasema Kichagga, aliniita nimtafsirie. Ndivyo nilivyojikuta mkalimani kati ya mama yangu na lugha ya taifa.

Likizo ilipoanza tulipanda msituni, mgeni, mimi na wapagazi wawili, pamoja na bahasha ya vibali ambavyo kila ofisi ilikuwa imevigonga mhuri. Wiki mbili tulinyeshewa. Kipepeo mweupe hatukumwona.

Tukarudi kwa mama. Asubuhi moja mgeni alikwenda chooni, nyuma ya zizi, tukasikia yowe. Tulikimbia tukidhani ni nyoka. Tulimkuta amepiga magoti kwenye samadi, mbele ya uzio wa masale, mimea yetu ya mipaka, akitazama mmea mwingine uliotambaa juu ya uzio huo. Majani yalikuwa yamejaa viwavi wa kijani.

"Ni wao! Mwalimu, ni wao!"

Upande wa pili wa uzio mama alikuwa na mundu, anakata mmea huohuo kwa ajili ya ng'ombe, kama alivyofanya tangu nikiwa mdogo.

"Mama, shikamoo, nakusihi usikate!"

"Marahaba," mama akajibu, kisha akanigeukia. "Muulize, ng'ombe wangu atakula nini?"

Walikubaliana mgeni mwenyewe amkatie ng'ombe majani mahali pengine. Basi kila asubuhi watu walisimama njiani kumwona msomi wa vipepeo akishuka na mzigo wa majani kichwani, miwani ikimteleza puani. Ng'ombe alikonda kidogo. Mama alinung'unika, lakini mundu aliuweka darini.

Viwavi wakajifunga kwenye vifuko vyao, wakatulia siku nyingi. Siku walipoanza kutoka, mgeni alikuja mbio kumwita mama. Mama aliketi kwenye debe. Kipepeo wa kwanza alitoka amekunjamana, akakunjua mabawa polepole, meupe kama maziwa, na ncha nyeusi. Nilimwona mama akipangusa jicho kwa ncha ya kanga.

Mgeni akamchukua yule kipepeo kwa upole mkubwa, akambana kifua kwa vidole viwili, akamtia kwenye bahasha.

"Amemfanya nini?" mama aliuliza.

"Amemuua. Ili amchunguze."

Mama alisimama. "Nimemnyima ng'ombe wangu chakula ili awaue yeye? Afadhali ng'ombe. Ng'ombe akiwala anatoa maziwa."

Ningeweza kulainisha. Nilitafsiri yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili changu kibovu. Mgeni akawa mwekundu hadi masikioni.

"Mwambie mama ni kwa faida ya elimu."

Nilitafuta namna ya kuisema kwa Kichagga. Mwisho nikasema, "Anasema ndiyo kazi yake."

"Aifanyie kwao," mama akajibu, akaingia jikoni.

Mgeni aliondoka juma lile na bahasha zake. Baadaye ilikuja barua yenye picha ya kipepeo aliyechomwa pini, na maelezo kwamba amepewa jina la profesa aliyemfundisha mgeni wetu. Mama aliitazama sana ile picha.

"Huyo profesa," aliuliza, "aliwahi kufika hapa?"

Nikamwambia hapana. Akanirudishia barua.

Mvua zilizofuata alikata ule mmea wote, isipokuwa pembe moja karibu na choo. Nilipomuuliza kwa nini ameacha pale, alisema mundu umekuwa butu.