Nilinunua fleti ya ushirika Masasi ili nisife mkwe, nikaiandika jina la mjomba

Wakuu, heshima zenu wote. Wale wa kuita kila kitu chai, wekeni vikombe chini kwanza. Haya yamenikuta mwenyewe, nimeyakalia karibu miaka thelathini kwa aibu. Leo nayatoa kwa sababu kuna kijana kwenye uzi mwingine anataka kununua nyumba "kwa jina la ndugu wa kuaminika".

Mdogo wangu, vuta kiti.

Mimi ni Mmakua wa Lupaso, Masasi. Mwalimu wa shule ya msingi, sasa mstaafu. Nilioa Chilangala, kule Newala, kwa Wamakonde.

Kwa msiojua mambo ya kwetu kusini: ukoo unafuata mama. Mwanaume ukioa unahamia kwa mke. Shamba ni la ukoo wa mke, watoto ni wa ukoo wa mke, na nyumba utakayojenga kwa jasho lako, hongera sana, nayo ni ya mke.

Wewe ni mkwe. Na mkwe anaheshimiwa mno. Unakaribishwa. Miaka kumi unakaribishwa tu.

Nilijenga pale nyumba ya bati. Nikapanda mikorosho mpaka mgongo ukagoma. Nilikuwa na raha zangu, sina neno na mtu.

Kisha mwalimu mwenzangu akafiwa na mke.

Arobaini ilipoisha, wakwe zake wakamkalisha, wakamshukuru kwa wema wake wote, wakamfungia godoro kwenye baiskeli, wakamsindikiza hadi barabarani. Kwa heshima zote. Nyumba alijenga yeye.

Nilimwona akiisukuma ile baiskeli. Wakuu, niliogopa. Nikaapa nitafute paa ambalo hakuna mtu atakuja kunisindikiza kutoka chini yake.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limepamba moto. Wanunuzi binafsi walifika mpaka vijijini na malori yao na mizani yao, na wakulima wakawakimbilia. Chama chetu cha ushirika (jina nalihifadhi, wengine bado hai) kikabaki na maghala ya kulala popo. Basi kikaamua kuuza fleti sita za juu kwenye jengo lake la Masasi mjini, karibu na stendi.

Sharti ni moja tu: mnunuzi awe mwanachama mwenye mikorosho yake.

Mikorosho yake! Mimi niliipanda, lakini shamba la nani? La mke. Na mwanachama ni nani? Mama Debora, mke wangu huyo huyo. Kadi anayo tangu usichana wake.

Akaniambia huku anachambua kisamvu, "Baba Debora, kadi si ninayo? Andika jina langu tuhame."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yaani niikimbie nyumba ya mke Chilangala, nikahamie nyumba ya mke Masasi? Mimi, msomi wa Daraja A?

Yeye akaendelea na kisamvu chake.

Mimi nilikuwa na akili zaidi. Kule Lupaso nilikuwa na Mjomba Hilari, kaka wa mama yangu, mwanachama wa siku nyingi. Kwetu mjomba ndiye mhimili, na mali ya mjomba ni ya wapwa zake. Kwa hiyo fleti ikiandikwa jina lake ni sawa na yangu. Hesabu safi kabisa.

Nilisahau kitu kidogo tu. Mjomba alikuwa na dada wanne, na wote walikuwa wazazi hodari.

Kununua kwenyewe hakukuwa kutoa fedha na kupewa funguo. Unahojiwa na kamati, wanachama wenyewe, kama unachumbia binti yao. Je, utafuga mbuzi juu? Utabangua korosho barazani, moshi uwaue majirani? Utatwanga?

"Mimi?" mjomba akang'aka. "Mwanaume mzima nishike mchi?"

Kamati ikacheka, ikampitisha. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza kama ana wapwa wa kike.

Tukahamia. Jamani, mjini raha! Chini yetu kuna fundi cherehani, muuza chipsi, na duka la kaseti linalopiga dansi asubuhi na taarabu jioni. Mitumba imetandikwa mpaka kwenye ngazi. Nilikuwa nasimama barazani juu na shati langu la mitumba lenye maua, naangalia watu wa chini kama mheshimiwa fulani hivi.

Raha ilidumu miezi minne.

Akaja dada wa kwanza, mtoto wa mama mkubwa, na watoto wawili. Amekuja hospitali. "Nimefikia kwa mjomba," akasema, akatua mzigo.

Nikamkumbusha kwamba mjomba haishi pale.

"Kwani si kwake?"

Akaja wa pili na watoto watatu na kuku. Akaja wa tatu, mtoto wa mama mdogo, na kinu. Wakuu, kinu! Cha gogo zima, na mchi mrefu kunishinda. Walikipandisha ngazi kwa nyimbo, na mimi mwenyewe nikaitwa nishike upande mmoja. Nikashika.

Sasa vyumba viwili, watu kumi na moja. Mimi na Mama Debora tukalala jikoni ndani ya fleti yangu niliyonunua kwa fedha zangu.

Nikaenda Lupaso. Nikapiga goti, shikamoo mjomba.

"Marahaba, mpwa wangu. Kuna nini?"

"Mjomba, ndugu wamejaa."

"Tumshukuru Mungu. Nyumba tupu ni ya mchawi."

"Lakini mjomba, ile nyumba nilinunua mimi."

Akanisogezea kigoda. "Ulipokuja kuazima jina langu, ulinieleza nini?"

"Kwamba mali ya mjomba ni ya wapwa."

"Na wale ni akina nani?"

Nilirudi mjini, mkononi nimepewa mkungu wa ndizi niwapelekee wapwa wenzangu.

Wiki mbili baadaye dada zangu wakapata makopa mazuri ya muhogo. Wakaanza kutwanga, watatu kwa zamu, twi, twi, twi. Chini, bamba la plasta likabanduka darini likatua kwenye karai la chipsi lenye mafuta ya moto. Ni Mungu tu, hakuungua mtu. Muuza chipsi alipanda ngazi na upawa mkononi, na sikumlaumu.

Kamati ikatuita wote. Mwenyekiti hakuzunguka: mwenye fleti haishi humo, waliomo si wanachama, na jengo linataka kuanguka. Hisa ya mjomba kwenye fleti inafutwa. Labda ichukuliwe na mwanachama anayekaa humo kweli.

"Yupo?"

Nikamtazama mjomba. Mjomba akatazama viatu vyake.

Kwenye benchi la nyuma Mama Debora akasimama taratibu, akafungua pindo la kanga, akatoa kadi.

"Mimi nipo."

Mjomba alisaini haraka kama anakimbia mvua.

Sasa nikasubiri vita ya mke wangu na dada zangu. Haikutokea. Aliwaandalia chai, akawaambia kwa upole, "Mawifi zangu, nyumba sasa imekuwa ya ukoo wetu wa Chilangala. Mkikaa mtakuwa mmelowea ukweni kwa kaka yenu. Mimi sina neno. Ni nyie na watu."

Kulowea ukweni kwa kaka! Aibu gani hiyo? Kufikia Jumamosi wote walikuwa wameondoka, na kinu kilitangulia.

Nikabaki nimenuna. "Sasa nimekuwa mkwe wa ghorofani."

Hapo ndipo Mama Debora aliponijibu, tena bila kupandisha sauti.

"Ulinunua nyumba ya kunikimbia mimi, halafu ukanibeba nije nikupikie humo humo. Nilinyamaza. Unaogopa nikifa ndugu zangu watakufungia godoro. Kwa nini hukuniambia mimi?"

Wakuu, niliona aibu ya kweli.

Hofu lakini haikuniisha. Mwezi uliofuata mama mkwe alikuja kutembea. Nimetoka kazini, namkuta mlangoni kwangu, nikachuchumaa kumsalimu kwa mbali kama desturi inavyotaka. Akaitikia kwa furaha. "Karibu ndani, mkwe wangu. Karibu sana." Nikakaribia.

Miaka yote hiyo nimekaa humu nikijua kwamba Mama Debora akitangulia, mimi na godoro barabarani. Akipiga chafya tu, najifunika shuka. Na kumuuliza kaandika mrithi nani, nilishindwa.

Mwaka jana chama kikataka fomu zote za warithi wa fleti zihakikiwe. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, akanituma nitoe yake sandukuni nimsomee. Wino umefifia, tarehe ni ya wiki ile ile ya kikao.

Mrithi: Debora. Binti yetu, kama nilivyodhani.

Chini yake, kwa mwandiko wake, kapindisha mistari mpaka pembeni ya karatasi: "Baba yake akae humu mpaka mwisho wake. Mtu asimsindikize."

Nilimsomea mpaka kwa Debora, nikavua miwani nikaifuta kwa shati. Akasema, "Endelea, Baba Debora, mbona umenyamaza?"

Basi kijana, huyo ndugu yako wa kuaminika mwache apumzike. Muulize kwanza mtu mnayekula naye sahani moja. Mimi ilinigharimu miaka yote hii, na dari la muuza chipsi.

Wajanja wenzangu mliowahi kufanya akili nyingi kama hizi, yashusheni hapa chini. Matusi napokea pia, ila yawe na adabu kidogo, maana mwenye nyumba yuko hapa pembeni na lazima nimsomee yote.