Kata Mbili za Mama

Kitambaa chenye harufu ya samaki mkavu hunirudisha kwenye barabara ya Ubundu, siku papa mmoja, baba wa makamo, alipoanguka kutoka juu ya mchikichi. Wanaume walitaka kumkalisha wampe maji.

“Mumuache!” Mama akapaza sauti. “Na kama shingo imevunjika?”

Mama alitua beseni lake la samaki, akapiga magoti, akakishika kichwa kwa viganja viwili. “Papa, usigeuke. Angalia mimi tu.”

Mwenzake wa kuuza samaki akachukua kata zao, zile pete za kitambaa za kubebea beseni kichwani, akazibana kando ya masikio ya papa. Wanaume walimbeba juu ya mlango uliong'olewa hadi hospitali. Mama alitembea ameinama njia nzima, hakukiachia kichwa.

Miezi ikapita. Papa yule akaja kwetu kuzirudisha zile kata. Alizivaa kichwani, juu yake beseni limejaa ngazi, matunda ya mchikichi, shingo wima, na hakulishika kwa mkono.