Delu Sanda na mbegu isiyokimbilia ua

Jua la Januari bado halijapata nguvu, na upepo wa jangwani umelifunika bonde kwa vumbi jeupe. Delu Sanda ameinama katikati ya shamba la vitunguu ambalo si lake. Kwa vidole viwili anabinya shingo ya mche mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu.

Anatafuta kitu kigumu. Kitunguu kinachotaka kutoa ua huanza kujenga bua ndani kwa ndani, na mkono hulijua kabla ya jicho. Akilikuta, anang'oa mche mzima na kuuficha ndani ya kitenge chake.

"Usinisimamie kama mnara, mgeni," anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini. "Inama. Mwenye shamba hajafika bado."

Mwenye shamba ni Zuwera, mtoto wake wa kumzaa.

Hapa Gidan Bawa, kijiji cha Wahausa kusini mwa Niger, mama mwenye haya zake hamtaji kifungua mimba wake kwa jina, wala hamdekezi mbele za watu. Zuwera alilelewa na bibi yake tangu alipoachishwa ziwa. Leo ni mjane mwenye watoto wawili, na mama yake bado anamwita "yule" au "mwenye nyumba ya pale".

Mwaka huu baridi imekuja vibaya, na baridi ndiyo inayokichokoza kitunguu. Bua likishatoka, moyo wa kitunguu unakuwa mgumu, hakikai ghalani, kinaoza kabla bei haijapanda. Zuwera amepanda shamba zima la kukodi kwa mbegu ya mama yake. Likichanua, hatakuwa na shamba tena, atarudi kutwanga mawele kwenye nyumba za watu.

Delu anaijua hasara hiyo, kwa sababu aliwahi kuipanda kwa mikono yake. Zamani, kama majirani zake, alikuwa akikusanya mbegu kwenye vitunguu vilivyowahi kuchanua. Ilikuwa mbegu ya bure, haina kungoja.

"Niliona mche unawahi kutoa ua, nikadhani una bidii," anasema na kucheka kidogo. "Kumbe kila mwaka nachagua wale wasiotulia, halafu nashangaa shamba halitulii!"

Mwaka alioolewa Zuwera, nusu ya shamba la Delu ilichanua. Na hapa mama ndiye anayejaza chumba cha bibi harusi mabakuli na masufuria ya rangi, yakipangwa hadi juu, wanawake waje kutazama. Chumba cha Zuwera kilikuwa na safu moja tu.

"Angenilaumu ningepumua," anasema. "Alipangusa kibakuli kimoja kimoja, kama vile nyumba imejaa." Anajifuta macho kwa pembe ya kitambaa chake. Vumbi, anasema, ingawa upepo umeshatulia.

Tangu hapo hakugusa tena mbegu ya bure. Kila msimu anang'oa kila kinachochanua kabla ya wakati wake. Katika vilivyobaki anachagua vyekundu sana, vigumu, vyenye shingo nyembamba, anavilaza kwenye kibanda cha nyasi, na mvua zikiisha anavirudisha ardhini. Ua la mwaka huo wa pili ndilo analolitaka, na mbegu yake ndiyo anayoipanda. Ni kazi ya kungoja sana, na marehemu mumewe aliwahi kuwaambia watu kwamba mke wake anafuga vitunguu.

Adui aliyebaki ni nyuki. Wanatoka kwenye maua ya jirani yake Tanimu, mtoto wa mjomba wake, wanakuja na chavua yake kuiharibu mbegu aliyoichagua. Kwa hiyo Delu, akitoka kwa Zuwera, anapitia kwa Tanimu kumkatia maua yake bila kuomba ruhusa.

"Mwizi huyo!" Tanimu anapaza sauti kutoka kisimani. "Leo nakupeleka kwa chifu!"

"Nipeleke. Na umwambie vitunguu vyako vimeota ndevu kukushinda wewe."

"Ungeolewa na mimi, Delu, usingekuwa unaiba alfajiri."

"Ndiyo maana nilikimbia, bwana we!"

Ni watani, na utani wao hauna likizo. Lakini Tanimu huyohuyo ndiye aliyeipeleka mbegu kwa Zuwera ndani ya kopo la sukari, kwa kuwa Delu aliona haya kumkabidhi mwenyewe. "Kuna mtu kasema upande hii," alimwambia. Zuwera hakuuliza ni nani.

Hata sasa haulizi ni mkono wa nani unaopita shambani kwake. "Kila asubuhi nakuta nyayo na vishimo," anamwambia mwandishi baadaye, akitabasamu. "Mwizi wangu namjua. Namwachia kibuyu cha fura pembeni mwa shamba, maana mawele na maziwa yanampa nguvu. Kesho yake nakikuta kimeoshwa."

Mwishoni mwa Machi, mashamba mengi ya bondeni yalikuwa yamejaa vichwa vyeupe vya maua. Kwa Zuwera majani yalikuwa yamelala chini yenyewe, kama inavyotakiwa, na vitunguu vikatoka vyekundu na vizito. Delu hakwenda kuvitazama. Alikaa uani kwake akisikia magunia yakihesabiwa, akatwanga chumvi ambayo ilikuwa imeshasagika.

Sasa watu wanaifuata mbegu hiyo mlangoni kwake. Delu anapanga kuwafundisha wanawake wa kijiji kuchagua wenyewe, na ana ndoto nyingine anayoisema kwa haraka, akitazama pembeni. Mjukuu wake wa kike ataolewa siku moja. "Chumba chake kijae mabakuli mpaka mlango ugome kufungwa. Basi."

Kuna tatizo moja tu. Tanimu, kwa makusudi kabisa, ameitangaza mbegu hiyo kila soko kwa jina la Zuwera. Delu amekuwa akiiuza kwa kuinyooshea kidole.

Siku mwandishi alipokwenda kuaga, mwanamke wa kijiji cha mbali alikuwa amesimama mlangoni, miguu imejaa vumbi.

"Ile nyekundu hiyo hapo," Delu alimwambia.

"Nyekundu ziko nyingi, mama. Mimi nimetumwa moja tu. Hii inaitwaje?"

Tanimu, aliyekuwa amekaa kivulini, aliuma midomo asicheke. Nyuma ya ua wa mabua, nyumbani kwake, Zuwera alikuwa akitwanga mawele yake.

Delu alivuta kitambaa, akafunika mdomo.

"Zuwera," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti zaidi. "Inaitwa Zuwera. Ni mbegu nzuri. Sijapata nyingine kama hiyo."

Nyuma ya ua, mchi ulisimama. Kisha ukaanza tena, taratibu.