Ushuhuda Usio na Ushindi

Kanisani kwetu Pasiansi ushuhuda una mwendo wake. Unasimama, unasema Bwana asifiwe, unaligusa jaribu kwa ufupi, kisha unakaa kwenye ushindi mpaka vigelegele vilie. Nilipostaafu ualimu, mchungaji aliniomba niandike shuhuda za kitabu cha kanisa. Nilifurahi kupita kiasi. Miaka mingi nilikuwa nikimwomba Mungu anipe kitu cha kumwandikia, na nikaona amenijibu.

Nikaenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwa mama mmoja anayeanika dagaa. Mume wake alizama ziwani. Kanisa zima tulifunga na kuomba pale ufukweni, lakini hata mwili haukupatikana. Mama alizungumza huku akigeuza dagaa juani: mume alivyokuwa mbishi, alivyopenda ugali wa muhogo, alivyoimba besi kwa nguvu na kukosea sauti. Niliandika yote. Nikamalizia kwamba hajaonekana mpaka leo, na mkewe bado anakuja ibadani.

Mchungaji alisoma, akavua miwani.

"Mwalimu, ushindi uko wapi?"

"Anakuja ibadani, mchungaji."

"Huo siyo ushindi. Andika Mungu alivyomwinua. Si ana friji la samaki sasa?"

"Hakunisimulia friji. Alinisimulia mume."

Nikakataa kubadilisha, na kazi akapewa mwingine. Nina kichwa kigumu, najua. Lakini sikujua upweke wa kukataa ungekuwa mkubwa hivyo. Kina mama wenzangu wakaanza kunisalimia huku wanatembea. Nilisikia wanasema ninaringa kwa sababu nimesoma. Jumapili baada ya ibada nilirudi peke yangu kwa njia ya ziwani, nikimuuliza Mungu kama kweli ni yeye aliyeniita niandike au ni kiburi changu tu. Hakunijibu. Nyumbani niliandika hivyo hivyo, kurasa ambazo hakuna aliyezisubiri.

Siku ya kuzindua kitabu, yule mama aliitwa mbele asome ushuhuda wake. Mume alikuwa amegeuka "jaribu zito", maneno mawili basi. Friji lilipata ukurasa mzima. Vigelegele vikapigwa, naye akatabasamu, akasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilipiga makofi na wenzangu, moyo ukiniuma. Nikajiambia nimegombana na kanisa bure, kwa ajili ya mtu ambaye wala hakuhitaji.

Watu walipokuwa wakigombea soda, alinifuata nje, nyuma ya matenki ya maji.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama."

Alitazama nyuma kwanza.

"Ile uliyoandika wewe, bado unayo?"

"Ninayo."

"Naomba uje unisomee nyumbani. Hii ya kitabu ni nzuri, ila mume wangu hayumo."