Sweta Lililobaki Msumarini

Asubuhi ile alipanga vitu vyake kitandani kama kawaida, mistari miwili, akasimama kuvitazama, mikono kiunoni. Saa moja ilikuwa haijatimia na tayari bati la paa lilikuwa limeanza kulia kwa joto. Joto la namna ile asubuhi sikulipenda. 

"Haya," akaiambia shuka, "na wewe kazi yako ya pili ni ipi?"

Shuka ile haikuhitaji kujibu. Ilikuwa ya kujifunika, ya kujifutia maji, pazia la akina mama wakati wa sindano, na mtu akiteguka mkono inafungwa shingoni. Aliiviringisha ikabana, akaitia mkobani.

"Na wewe?" Kikombe cha bati. "Cha chai na cha kuogea. Pita." Akakijaza soksi, na ndani ya soksi akatia kipande cha sabuni.

Ndivyo mke wangu alivyofungasha. Kila kitu kiliulizwa kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Kisichokuwa na jibu kilirudi kabatini.

Alipofika kwenye sweta alilinyanyua, likaning'inia mkononi mwake, zito. Lilikuwa la rangi ya kutu. Kiwiko nilikishona mimi mwenyewe kwa uzi wa viatu.

"Wewe ni sweta," akasema, "na ukikunjwa ni mto wa kulalia. Panda."

Likapanda. Kisha akanigeuzia mgongo, akafumba macho na kuyafunika kwa viganja kama mtoto anayecheza kibe.

"Mwizi wangu," akasema, "iba."

Niseme kwanza alikuwa nani. Alikuwa muuguzi wa chanjo. Watoto wa huko alikokwenda walimwita Mama Sindano. Asubuhi walimkimbia, jioni walimfuata nyuma wakimwimbia. Miaka thelathini na moja alikwenda njia ile ile, mara nne kwa mwaka, siku tisa kila safari. Njia ilikuwa moja, hewa haikuwa moja. Siku mbili za kwanza ni tambarare, vumbi na jua la kupasua midomo. Ya tatu ni mtoni, gari linabaki ng'ambo, yeye, dereva na wenzake wawili wanavua viatu na kuvuka kwa miguu. Ya tano na ya sita wako mlimani, ndani ya ukungu, wanalala kwenye darasa la shule lisilo na vioo. Ya tisa yuko mjini, ofisini kwa mkubwa wake, anasoma ripoti mbele ya watu waliovaa suti, na lazima awe nadhifu kama anayetoka nyumbani.

Kwa yote hayo, mkoba mmoja. Bega la kulia lilikuwa la kasha la barafu lenye dawa, na kasha halipunguzwi. Kinachopunguzwa ni mkoba.

Safari yake ya kwanza baada ya ndoa alikwenda na sanduku la bati alilopewa na mama yake. Alirudi shingo imevimba, hawezi kugeuka. Mimi ni fundi viatu. Nilichukua kipande cha turubai, nikakata, nikashona mkoba wa mgongoni, nikaufanya mdogo makusudi.

Aliutazama juu na chini. "Mume wangu, huu si mkoba. Hii ni soksi."

"Basi vaa," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. Alikwenda nao, na hakubeba mwingine tena.

Mchezo wa wizi ulianza hapo. Alisema yeye mwenyewe hawezi kuuona uzito wa kitu alichokwisha kukipenda, kwa hiyo mimi nitoe kimoja yeye hatazami. Nikikitoa nakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, nafunga mkoba, anaondoka. Adhuhuri wakifika darajani, mahali pa mwisho penye mtandao, ananipigia na kukisia nimeiba nini. Mkoba haufungui mpaka jioni. Nimewahi kuiba taulo la pili, sufuria ndogo, blauzi, kitabu cha kusomea. Mara moja niliiba ndara ya mguu mmoja kwa utani. Siku nne alivaa ndara za dereva, kubwa kama mitumbwi, na aliporudi hakunisemesha mpaka nilipopika mimi.

Miaka yote hiyo sikuwahi kukosea. Nilijivunia hilo. Kitu kikitumika naona. Kiatu ukiniletea nitakwambia mwenye nacho anatembeaje, anaegemea upande gani, kama hukaa sana au husimama. Vitu vyake vikirudi nilivishika kimoja kimoja, na nilijua kipi kimefanya kazi na kipi kimebebwa bure.

Na sweta, safari tatu mfululizo, lilikuwa limerudi vile vile. Limekunjwa, halina vumbi, halina jasho, linanukia sabuni. Nililinusa mwenyewe. Nikajiambia, huyu siku hizi anabeba mto wa kulalia tu. Bega lake la kushoto lilikuwa limeanza kumuuma, usiku analigeuza huku na huku, na hasemi. Na joto lilikuwa lile.

Nikalitoa sweta. Nikalitundika msumarini.

Aliupandisha mkoba, akatikisa bega. "Ah! Leo umeiba kitu kikubwa."

"Nenda zako, gari linasubiri."

Dereva wao tunamwita Taratibu, kwa sababu hajui neno hilo. Alikuwa anapiga honi kule kwenye kona. Mke wangu akaniambia nisisahau kuzima jiko, akatoka. Nilimtazama mpaka kwenye kona. Alitembea mwepesi. Nilifurahi.

Adhuhuri simu ikalia.

"Mwizi wangu! Tuko darajani. Ngoja nikisie. Taulo?"

"Siyo."

"Kikombe? Sitaki mchezo na kikombe changu."

"Siyo kikombe."

"Mzee, kama umegusa gauni langu la mkubwa, tutaachana leo hii hapa darajani."

Nikasikia Taratibu anacheka nyuma yake. Mimi pia nikacheka. Nilivuta pumzi nimwambie ni sweta. Simu ikakatika. Nikapiga, haikupatikana. Nikapiga tena. Nikaiweka mezani nikasema jioni ataona mwenyewe.

Siku ya pili joto halikupungua. Siku ya tatu upepo ukageuka. Nilikuwa kibandani kwangu nikipiga nyundo, vumbi lililokuwa linaelekea barabarani likaanza kuniingia machoni. Nikainua kichwa. Upande wa mlima palikuwa peusi, na weusi wenyewe haukusogea. Mteja mmoja akasema, "Huko juu leo wanaoga." Nilimpa kiatu chake, upande mmoja sijaupiga gundi. Alirudi nacho kesho yake kunigombeza, akiwa na haki.

Nikipita mlangoni sweta lilikuwa linatikisika. Ni upepo tu. Lakini mikono yake ilikuwa inatikisika na mwili wake umetulia.

Siku ya nne binti yetu alikuja kuniletea dawa ya macho. Alifunga mlango nyuma yake, akasimama.

"Baba. Mbona sweta la mama liko hapa?"

"Nimeliiba."

Hakucheka. Anaujua mchezo, amekua ndani yake. Aliushika mkono wa sweta kama anayesalimiana na mtu.

"Anajua?"

"Alijua jioni ile ile."

"Na kesho wanapanda mlima."

"Kesho."

Nilivaa kofia, nikalifunga sweta kwenye gazeti, tukaenda ofisi ya afya. Kulikuwa na karani mmoja anakunywa chai, mtu mpole. Akanipa kiti.

"Mzee wangu, kwani kuna nini?"

Nikamwambia. Aliangalia lile furushi la gazeti, akamwangalia binti yangu, akajizuia kutabasamu.

"Gari lingine linakwenda Alhamisi ijayo, baba. Alhamisi watakuwa wamesharudi."

"Hakuna pikipiki?"

"Mto umejaa. Nani atavuka? Lakini usiwe na wasiwasi, Mama Sindano ni mzoefu kuliko sisi wote. Yeye ndiye anayetufundisha kufungasha!"

"Najua," nikasema.

"Niachie basi. Likitokea lolote nitalipeleka."

Nikaliacha kaunta. Tulipotoka nje matone yakaanza, makubwa, moja hapa, moja pale. Binti yangu akasema, "Ana koti la mvua, baba." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na shuka." Nikasema ndiyo. 

Siku ya tano na ya sita mvua haikunyamaza. Nililala na simu kifuani. Msumari ulikuwa mtupu, nao sikuweza kuutazama. Nilipiga ile namba kila niliponawa mikono. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia vile vile, kwa adabu ile ile, kwamba nijaribu tena baadaye.

Siku ya nane binti alikuja wakati si wake. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Yuko hospitali ya mjini, baba. Kichomi. Wamemshusha jana."

Tulikwenda. Tulifika amekwisha kutangulia kwa saa mbili.

Nililetewa mkoba. Ulikuwa umelowa turubai lote, mishono yangu imeshika. Ndani, kwenye mfuko wa nailoni, gauni la mkubwa lilikuwa kavu, halijaguswa, halina hata mkunjo. Shuka ilikuwa inakamulika maji. Koti la mvua halikuwamo. Daktari alimweleza binti yangu kwamba kifua kilikuwa na tatizo tangu zamani, hata mvua ndogo ingetosha. Huenda. Daktari hakuona msumari.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilirudi ofisini kuchukua sweta. Furushi lilikuwa pale pale kaunta, gazeti limeanza kugeuka manjano upande wa dirisha. Karani alisimama, akaniamkia, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Taratibu hakuja kwangu. Mazishini alikuja, akabeba jeneza, akaondoka. Nilimwona mara mbili barabarani na mara mbili alikata kona. Nikajua ananichukia. Nikasema ana haki, yeye ndiye aliyemwona.

Ilipita miezi mitano. Kisha siku moja mchana alikuja kibandani na kiatu ambacho hakikuwa na ubovu wowote. Nilikigeuza, nikamrudishia.

"Hiki ni kizima."

"Najua," akasema. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Mzee, niliambiwa nisiseme. Lakini nakuona unavyotembea."

"Sema."

Akasema. Kasha la dawa lilikuwa limepasuka kifuniko walipovuka mto. Mke wangu alivua koti la mvua akalifunika kasha, akasema mvua ikiingia humo watoto mia moja watakuwa wamelia bure. Akatembea vile, kupanda, kwa muda wa saa nne. Shuka aliitundika dirishani ili darasa lisipigwe na mvua, akina mama wakiwamo na vichanga. Walimwambia avae gauni kavu. Akakataa, akasema hilo ni la kwenda kwa mkubwa.

"Na sweta?" nikauliza. "Kama lingekuwepo?"

Taratibu aliinama akashika kile kiatu kizima.

"Sweta, mzee, kule juu alikuwa halivui. Miaka yote mimi namwendesha. Akipanda analivaa, mpaka tunashuka."

"Uongo. Lilikuwa linarudi safi. Nililinusa."

"Safari hizi za mwisho alikuwa analifua. Tukifika mjini, siku ya nane, kabla ya kuoga yeye mwenyewe. Analianika juu ya boneti ya gari langu, ananiambia hawezi kumpelekea mume wake jasho la mlimani."

Nyundo ilikuwa mkononi. Niliiweka chini.

Watu walipita. Mmoja alinisalimu, sikumbuki kama niliitikia. Nilitaka kumuuliza Taratibu kama alinikasirikia, na sikuweza. Akaniona.

"Ile jioni ya kwanza," akasema, "alipofungua mkoba, alitafuta mpaka chini. Halafu akacheka, akasema mzee kaniibia sweta, ameonea huruma bega langu. Sisi tukataka turudi darajani tupige simu, mtu alilete na pikipiki kabla mto haujajaa. Bado kulikuwa na muda. Akakataa. Alisema utajilaumu bure, hutaiba tena, na yeye anaupenda ule mchezo."

Sweta liko msumarini. Sijalifua, kwa sababu ni safi. Mkoba nimeukausha, nimeupaka nta mishononi. Binti yangu anataka niuhifadhi kabatini. Nimemwambia bado.

Siku ile ya sita, Taratibu alisema, wakiwa pale darasani, meno yake yanagongana mpaka hawezi kushika sindano, aliwaita wote, dereva na wenzake wawili, akawaapisha. Nilimwambia Taratibu anipe maneno yenyewe kama yalivyotoka, asiongeze wala asipunguze. Akanipa.

"Mkirudi, mume wangu atauliza. Mwambieni mkoba ulikuwa mwepesi, nilipanda kama msichana. Msimwambie kulikuwa na baridi."