Kura ya Mama Nukta

Jina lake la nyumbani wengi hawakulijua. Kwenye jarida la wapangaji alikuwa Mama Nukta, kwa sababu nukta moja ikikosekana hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Alisoma prufu, kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, miaka kumi na tisa katika chumba kimoja juu ya duka la rangi. Meza zilikuwa mbili tu: yake na ya Mzee, mwanzilishi na mhariri, ambaye mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku na ni Mama Nukta peke yake aliyeweza kuusoma.

Lilikuwa jarida la kurasa kumi na sita, lakini wenye nyumba walilisoma wamekunja uso. Mtu akitupiwa vyombo nje, alipanda kwanza ngazi zile kabla ya kwenda polisi.

Kisha wasomaji wakahamia kwenye simu, na likaja pendekezo: jarida la wapangaji, la watumishi wa majumbani na lile kubwa la wafanyakazi wa viwandani yaungane yawe moja. Kamati ya wapangaji ilikuwa na watu watano. Wawili walikubali, wawili walikataa, Mzee akiwamo. Ikabaki kura ya Mama Nukta.

"Samaki wadogo wakimezwa na mkubwa wanakutana tumboni," Mzee alisema. "Huo nao ni umoja?"

"Mzee, peke yetu tutazimika kimyakimya. Heri tuungane tungali na sauti."

Mama Nukta akanyoosha mkono. Mzee aliutazama ule mkono.

Wakahamia kwa wale wa jarida kubwa, ghorofa ya tatu. Mzee alipewa cheo cha mshauri, meza hakupewa. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, mpaka mtu mmoja akamwuliza amekuja kumwona nani. Akamtaja Mama Nukta. Siku ya pili hakuja.

Toleo la kwanza lilipoandaliwa, Mama Nukta aliletewa kurasa zote isipokuwa ile aliyoingoja: habari ya kaya arobaini zilizokuwa zinafukuzwa nyuma ya soko. Mzee alikuwa ameifuatilia miaka mitatu. Mama Nukta akaenda kwa mhariri mkuu mpya, mwanamke mchangamfu aliyemzidi umri kwa mbali.

"Habari ya wapangaji iko wapi?"

"Tumeiweka kando kidogo, mdogo wangu. Inahusu mtaa mmoja tu, na sasa tuna wasomaji wa kila namna."

"Tulikubaliana kila jarida libaki na kurasa zake."

"Mkataba unasema 'inapowezekana'." Alisema kwa upole. "Si wewe uliyeusoma prufu?"

Ni kweli. Aliusoma mara mbili, akasahihisha koma saba, na neno lile likapita mbele ya macho yake bila kubishiwa.

Wiki mbili baadaye nyumba zikavunjwa. Fundi cherehani mmoja wa kule akaja nyumbani kwake, amebeba cherehani yake kichwani.

"Mama Nukta, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

"Basi mbona mlinyamaza?"

Alimvutia kiti. Fundi hakukaa. Aliitua cherehani, akapumzisha shingo, akaibeba tena akaenda zake.

Jumamosi Mama Nukta akaenda kwa Mzee. Mkewe alisimama mlangoni.

"Amelala, mwanangu."

Ilikuwa saa nne asubuhi, na ndani Mzee alisikika akikohoa na kufunua gazeti.

"Mwambie nimekuja kumwomba radhi."

"Akiamka nitamwambia."

Alikwenda mara nne. Mara zote nne Mzee alikuwa amelala.

Mama Nukta hakuacha kazi. Kila toleo aliomba ukurasa wake, mpaka wakamchoka; mwezi wa saba wakamkatia nusu ukurasa. Aliiandika mwenyewe habari ya kaya arobaini, akachukua nakala hamsini, akazipeleka nyuma ya soko. Alikuta uzio wa mabati na mlinzi. Waliohama hakuna aliyejua wametawanyikia wapi. Mlinzi alipokea nakala moja, akaipekua haraka, akauliza kama haina habari za mpira.

"Haina," Mama Nukta alisema.

Mlinzi akamrudishia.